Limau la Carl Muller: kisa cha barua za siri London, 1915

Mwaka 2025 hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza, ile ya Kew pale London, ilifungua maonyesho kuhusu MI5, idara ya usalama ya Uingereza inayokamata majasusi, na kati ya vitu vyote walivyotoa kwenye mafaili kitu kilichoongelewa kuliko vyote ni limau. Limau moja tu, limekauka, limekuwa jeusi, limesinyaa hadi halitambuliki, lilikuwa na umri wa miaka 110. Lilikaa miaka yote hiyo kwenye kumbukumbu za kesi kwa sababu lilikuwa kielelezo, yaani lilipelekwa mahakamani kama vile unavyopeleka panga lenye damu, na mwenye nalo alipigwa risasi.

Jina lake Carl Muller. Nimekisoma hiki kisa mara nyingi sana na kila nikimsimulia mtu anaishia kusema hao Wajerumani walikuwa wajinga kutumia limau, hata watoto wanajua huo mchezo. Mi sikubaliani. Limau halikumponza Muller, au tuseme halikuwa la kwanza kumponza, na nataka nieleze kwa urefu kwa nini, maana ukikiangalia hiki kisa vizuri utaona maneno yaliyofichwa kwenye karatasi yalikaa salama kabisa, vilivyosema ni vile ambavyo hakuna aliyefikiria kuvificha.

Tuanze na yeye mwenyewe. Muller alizaliwa Libau, mji wa bandari wa Baltiki ambao leo uko Latvia na unaitwa Liepāja, ila enzi hizo ulikuwa ndani ya dola ya Urusi. Kwahiyo mtu mwenye jina la Kijerumani, Kijerumani anakijua, Kirusi anakijua, Kiholanzi na Kifleminshi anavijua, Kiingereza anaongea japo kwa lafudhi. Vita ilipoanza Agosti 1914 alikuwa Antwerp, Ubelgiji, na Wajerumani walipouteka huo mji Oktoba wakamkuta. Hebu fikiria ofisi ya ujasusi inatafuta mtu wa kumpeleka Uingereza, afu inakutana na mzee wa karibu miaka 60, mtu wa mambo ya meli, lugha tano kichwani, na karatasi za Urusi! Urusi ilikuwa upande mmoja na Uingereza kwenye ile vita. Mrusi aliyetoka Ubelgiji akikimbia Wajerumani ni mtu wa kuonewa huruma, nani atamtilia shaka? Lafudhi yake yenyewe ilikuwa na maelezo tayari.

Januari 1915 akaingia Uingereza kwa meli kutoka Rotterdam. Uholanzi haikuwa na upande kwenye vita, na hii ni muhimu sana uishike, kwa sababu ndo maana Rotterdam ilikuwa mlango. Barua ya kutoka London kwenda Berlin haiwezekani, nchi zinapigana. Ila barua ya London kwenda Rotterdam inakwenda kama kawaida, wafanyabiashara wanaandikiana kila siku, kwahiyo Wajerumani wakaweka anwani zao pale, barua inafika kwa mtu mwenye jina la kawaida, anaipokea, anaivusha mpaka. Muller akapanga chumba Guilford Street, mtaa wa Bloomsbury uliojaa nyumba za kupangisha vyumba, akawa mpangaji mstaarabu tu, mzee Mrusi mwenye shughuli zake.

Na akawa anaandika barua. Juu juu ni barua ya kawaida kwa Kiingereza na wino wa kawaida, habari za biashara na salamu. Katikati ya mistari, kwa maji ya limau, habari za wanajeshi wanaoelekea wapi na meli.

Sasa hapa naomba tukae kidogo kwenye limau lenyewe. Niliwahi kujaribu nyumbani, nilikamua limau kwenye kisosi, nikachukua kijiti cha meno nikaandika mistari miwili kwenye karatasi ya daftari, nikaacha ikauke. Kwa macho ya haraka hamna kitu. Nikapitisha pasi ya moto juu yake na taratibu maneno yakatoka rangi ya kahawia, kama chapati inavyoanza kubabuka. Inavyofanya kazi ni hivi, yale maji yana asidi na sukari kidogo, asidi inadhoofisha nyuzi za karatasi pale ilipopita, kwahiyo ukileta joto sehemu ile inaungua kabla ya karatasi iliyobaki. Hamna cha ajabu. Lakini kitu ambacho sikutegemea, na ndo kilichonifanya nikisome hiki kisa upya, ni kwamba hata kabla ya pasi nilipoinua karatasi nikaielekeza dirishani kwa ubavu niliona mistari, karatasi ilikuwa imevimba kidogo pale ilipolowana, na ile sehemu ina mng'ao tofauti. Yaani maandishi hayakuwa yamepotea, yalikuwa yamenyamaza tu, anayejua aangalie vipi anayaona.

Faida yake kwa jasusi ni kubwa mno na watu wanaisahau. Limau unalinunua sokoni. Huvuki nalo mpaka. Askari akikupekua anakuta tunda. Mwaka 1915 jasusi aliyevuka na chupa ya dawa ngeni alikuwa na kesi ya kujibu palepale bandarini, ila mwenye limau anaweza kusema la chai. Kwahiyo aliyemfundisha Muller atumie limau hakuwa mjinga, alikuwa anafikiria upekuzi wa bandarini. Ambacho hakufikiria ni posta.

Uingereza ilipoingia vitani ukaguzi wa barua ulikuwa karibu haupo kabisa, mpaka vita inaisha ulikuwa na watu karibu 5,000 na wengi wao wanawake, wasomaji wa lugha za kila aina wanafungua bahasha asubuhi hadi jioni. Mwanzoni mwa 1915 ilikuwa bado ndogo. Haiwezekani kupitisha joto kwenye kila barua inayotoka nje ya nchi, ungechoma biashara ya nchi nzima. Ujanja ulikuwa kutokuangalia barua kwanza, unaangalia bahasha. Inakwenda kwa nani? Ile idara ambayo baadaye iliitwa MI5, wakati huo inaitwa MO5(g) chini ya Vernon Kell, ilikuwa na orodha ya anwani za nje zinazotiliwa shaka, na barua yoyote inayokwenda kwenye anwani hizo inawekwa pembeni. Hizo ndo zinapitishiwa joto.

Umeona tatizo liko wapi? Wajerumani walitumia anwani chache za Rotterdam kwa majasusi wengi. Wakati uleule, Februari 1915, kuna jamaa mwingine anaitwa Anton Küpferle aliingia Liverpool kutoka Marekani akijifanya Mmarekani, naye anaandika kwa limau, naye anatuma Rotterdam, na barua zake nazo zikasimamishwa. Hawa wawili kila mmoja kivyake anaficha maandishi kwa uangalifu kabisa, kisha juu ya bahasha anaandika kwa wino mweusi, kwa herufi za kusomeka vizuri, jina la mtego. Bahasha huwezi kuiandika kwa limau, postamani lazima aisome. Hapo ndo penye udhaifu wote wa hii kazi na hakuna kemia inayouondoa.

Lakini kujua kuna jasusi sio kumjua jasusi. Barua za Muller hazikuwa na anwani ya kweli ya mtumaji, zimetumwa kutoka London, mji wa mamilioni ya watu. Wakaguzi wanasoma ya siri yote, wanajua mtu yupo, hawajui yuko nyumba gani. Na hapo angeweza kuendelea miezi, kama asingemwamini Hahn.

Hahn alikuwa mwokaji mikate. Alizaliwa Uingereza, kwahiyo ni raia kabisa, ila asili yake Ujerumani, ana duka la mikate Deptford, kusini mashariki mwa London, na biashara ilikuwa imeshawahi kumfilisi kabla ya vita. Naomba mtu asimchukulie juu juu huyu. Oktoba 1914 pale pale Deptford kundi la watu liliingia High Street likavunja maduka ya watu wenye majina ya Kijerumani, vioo vikapasuliwa, bidhaa zikatupwa nje, mpaka wanajeshi wakaitwa kutuliza. Hebu jiweke mahali pa mtu aliyezaliwa hapo, anauzia watu mikate ya asubuhi, afu anaona jirani zake wanawafanyia hivyo watu wa jina kama lake. Miezi michache baadaye anatokea mzee mpole, anaongea Kijerumani, ana hela. Simtetei kwa alichofanya. Nasema tu njia ya kumfikia ilikuwa imeshafunguliwa na watu wengine.

Februari 1915 ikakamatwa barua inayokwenda Rotterdam. Mkono ni mwingine, sio ule waliouzoea. Wakaipitishia joto, na kati ya yaliyotoka kulikuwa na sentensi inayosema kwamba C ameenda Newcastle kwahiyo mimi naandika hii kutoka 201. Muhuri wa posta: Deptford.

Basi, imeisha. Soma tena hiyo sentensi. Hahn alikuwa anaeleza kwa nini mwandiko umebadilika, anawatoa wasiwasi wakubwa wa upande wa pili, kitu cha adabu kabisa kwenye barua. Na aliiandika kwenye ile sehemu iliyofichwa, kwahiyo kichwani mwake pale palikuwa chumba kilichofungwa, unaweza kuongea chochote. Wapelelezi wakachukua namba 201 wakaenda kutafuta Deptford kuna mtaa gani wenye nyumba nyingi mpaka kufika 201, wakakuta ni mmoja tu, High Street. Wakaenda. Namba 201 ni duka la mikate, na jina liko juu ya mlango: Hahn.

Mi hili ndo jambo linalonishika kuliko yote kwenye kisa hiki. Wino wa siri unamfanya mwandishi aongee zaidi ya anavyopaswa. Kwenye ile barua ya juu, ya wino wa kawaida, Hahn alikuwa mwangalifu, hakutaja kitu. Chini, kwenye limau, akataja namba ya nyumba yake. Asingekuwa na limau asingeandika 201 popote pale. Kificho kilimpa ujasiri, na ule ujasiri ndo ukawapeleka polisi mlangoni kwake. Ukisoma kesi nyingine za miaka ile utakuta kitu hichohicho, maandishi ya juu yamekaa kimya, ya chini yamejaa majina, tarehe, mahali.

Walipopekua dukani kwenye chumba cha nyuma wakakuta kalamu na limau. Hahn hakumtaja mwenzake. Hilo nalo niliseme maana wengi hawalisemi, alikaa kimya. Ila majirani waliongea, wakasema kuna mzee Mrusi mrefu huwa anakuja hapa, anakaa upande wa Bloomsbury. Polisi wakaanza kugonga nyumba za kupangisha moja baada ya nyingine mpaka Guilford Street, na mwenye nyumba mmoja akasema ndiyo, mpangaji wangu huyo, kasafiri Newcastle siku chache. Newcastle. Ileile ya kwenye barua. Muller akakamatwa.

Na kwenye vitu vyake limau. Akaulizwa la nini, akasema anasafishia meno. Kwa jibu la haraka sio baya, wakati ule watu kweli walisugua meno kwa limau. Shida ni kwamba limau lilikuwa na mwenzake, kalamu. Nibu za chuma za zamani zile, yaani ncha za kalamu ya kuchovya, asidi ya limau inazila, zinaingia kutu na kubaki na madoa, na wataalamu walipoiweka chini ya hadubini wakakuta mabaki ya limau kwenye nibu. Sasa anayesafisha meno anachovya nibu ya nini? Chochote kati ya hivyo vitu viwili peke yake hakina kesi, ila vikikaa pamoja meza moja vimeshatoa ushahidi. Kosa la namba tatu hili na kwa maoni yangu ndo lililomfunga kabisa, kwa sababu anwani ilionyesha kuna jasusi, 201 ilimwonyesha Hahn, lakini mkono wa Muller mwenyewe kuuweka juu ya zile barua kulihitaji kitu cha kushika, na kitu cha kushika kilikuwa ile kalamu. Angeandika kwa kijiti cha mbao na kukichoma jikoni kila alipomaliza, upande wa mashtaka ungekuwa na kazi ngumu zaidi.

Kesi ilisikilizwa Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, mapema Juni 1915, milango imefungwa, Muller na Hahn pamoja. Küpferle alikuwa ameshafikishwa kizimbani mwezi Mei na hakuisubiri hukumu, alijinyonga gerezani Brixton kesi ikiwa katikati. Hahn akapewa miaka 7 na kazi ngumu. Muller kifo.

Tofauti ya hizo hukumu mbili watu huijadili sana na mi naona majaji walikuwa sahihi kutofautisha, mmoja alitumwa na adui akavuka bahari kwa hiyo kazi, mwingine alikutwa alipo. Ila pia sisahau kwamba mtu aliyeandika 201 ndo alitoka hai, na ambaye hakuandika ndo alikufa. Tarehe 23 Juni 1915 alfajiri Muller akapelekwa kwenye uwanja wa shabaha ndani ya Tower of London, ile ngome ya kale, mahali palepale alipopigwa risasi jasusi mwingine wa Wajerumani, Carl Hans Lody, Novemba 1914. Inaelezwa aliomba kuwapa mkono askari wa kikosi, akapita kwa mmoja mmoja, kisha akaketi kwenye kiti. Mpaka vita inaisha majasusi 11 walipigwa risasi pale Tower, yeye alikuwa wa pili.

Baada ya yeye Wajerumani walibadilika, na walivyobadilika inaonyesha walichoelewa na walichokosa kuelewa. Walichoelewa ni kwamba limau limekwisha kazi. Waingereza nao walikuwa hawategemei joto tena, walikuwa na mvuke wa ayodini, na huo hausubiri uwe umetumia wino gani, unakwenda kutafuta mahali karatasi ilipolowana, maana ukiilowanisha karatasi ile gundi yake ya juu inavurugika na haiwezi kurudi kama mwanzo, hata ukiandika kwa maji matupu. (Ndo ule mng'ao nilioona dirishani.) Kwahiyo Wajerumani wakaenda kwenye dawa zenye madini ya fedha, zile zilizokuwa zinauzwa hospitalini kwa macho na vidonda, na kuzificha kwenye nguo. George Vaux Bacon, mwandishi wa habari Mmarekani aliyekamatwa Uingereza mwishoni mwa 1916, dawa yake ilikuwa kwenye soksi, unaloweka soksi kwenye maji unapata wino. Alihukumiwa kifo kisha akarudishwa Marekani kutoa ushahidi dhidi ya waliomtuma. Mwingine, Courtenay de Rysbach, msanii wa jukwaani, mwaka uleule wa Muller aliandika siri zake kwenye karatasi za muziki katikati ya nota, wazo zuri sana, akapata kifungo cha maisha. Soksi, nota, fedha, kemia inazidi kupanda. Bahasha ikabaki vilevile, inakwenda nchi isiyo na upande, kwa jina ambalo limeshakaa kwenye orodha ya mtu.

Na kuna sehemu ya mwisho ambayo hata leo inanisumbua kidogo. Muller alipokamatwa Waingereza hawakuitangazia Rotterdam. Wakaendelea kuandika barua kwa jina lake, habari za uongo, kwa utaratibu uleule, kwenda anwani ileile. Upande wa pili wakazisoma wakaamini, wakajibu, wakatuma hela kwa mtu wao mwaminifu wa London. Hela zikapokelewa. Zikanunuliwa gari kwa ajili ya idara, na wenye idara wakaliita Muller.